Jirani Asiye na Jina

Kila anayeishi Tabora anaijua karatasi tunayotaka kuizungumzia. Anayekaa Isevya au Cheyo anaijua, na anayelima tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge anaijua zaidi. Imekunjwa mara nne. Haina tarehe wala sahihi, na mwandiko umepindishwa ili usitambulike. Asubuhi inakutwa chini ya mlango wa mtendaji wa kijiji au ndani ya sanduku la maoni kanisani, na siku hizi huingia pia kwenye simu kutoka namba isiyojulikana na mtu. Inasema katibu wa chama cha msingi amekula fedha za pembejeo. Inasema mwalimu wa kwaya anatembea na mke wa mtu. Inasema bibi fulani, mjane, ndiye anayewamaliza watoto wa ukoo ule.

Sisi tunasema karatasi hiyo isisomwe. Wapo ndugu zetu, tena wacha Mungu, wanaotujibu kwamba isomwe kwa hekima, kwani lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imewagharimu watu uhai wao katika mkoa huu.

Tutaje mahali, ili tusionekane tunapiga chuku. Mwezi wa Julai 2017, katika kijiji cha Undomo, wilaya ya Nzega, wanawake 5 waliuawa na miili yao kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Nzega si mbali na sisi. Basi linafika kabla chai haijapoa. Na tuhuma za namna hiyo hazianzi na panga, huanzia kwenye mnong'ono usio na mwenyewe. Bibi ana macho mekundu. Bila shaka ana macho mekundu: miaka 50 amepika kwenye moshi wa kuni, na pale miti ilipokwisha akapikia kinyesi cha ng'ombe. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Bibi naye ana shamba zuri karibu na mbuga aliloachiwa na mumewe, na ndugu wa mume wanalitamani. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza: ni nani aliyeanza kusema, na anapata nini? Lakini karatasi haiulizwi. Wala mnong'ono hauulizwi. Kila mmoja anasema ameusikia kwa mwingine, na mpaka siku ile kundi linapofika mlangoni kwa bibi, hakuna hata mmoja aliyesimama akasema, mimi fulani wa fulani ninamshtaki.

Tunajua tabia hii iliwahi kupewa heshima ya kiserikali. Mwaka 2009 taifa lilikuwa katika aibu kubwa kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na kuanzia mwezi wa Machi serikali iliwaita wananchi, kwanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wapige kura ya siri kuwataja wanaoshukiwa kuwa wauaji. Mtu alipewa karatasi, akaandika jina la anayemshuku bila kuandika lake, akatumbukiza kwenye sanduku. Nia ilikuwa njema. Damu ilikuwa inamwagika na watu waliogopa kusema. Hatuwalaumu waliotafuta njia. Tunasema njia yenyewe ilikuwa mbovu, na bado wapo wanaoisifia, hata katika mikutano yetu ya jumuiya, wakitaka itumike kuwapata wezi wa mbuzi na wachawi wa mtaa.

Kosa lake ni rahisi kulieleza. Kura ya siri ni jambo zuri mtu anapochagua diwani au mwenyekiti wa halmashauri ya walei, kwa sababu hapo anaulizwa anachokitaka yeye, na juu ya matakwa yake hakuna anayejua kuliko yeye mwenyewe. Lakini anayeandika kwamba jirani yake ni muuaji hasemi anachokitaka. Anatoa ushahidi. Ushahidi una maswali yake: uliona wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani, mna ugomvi gani? Sanduku halijibu hata moja. Tena linadanganya kwa hesabu. Karatasi 40 zenye jina moja zinaonekana kama mashahidi 40, kumbe ni uvumi mmoja uliopita katika mikono 40. Na jina linalopata karatasi nyingi huwa la nani? Ni la mgeni, la mganga wa kienyeji, la mzee mkali asiyesalimia watu, la mwenye ng'ombe wengi. Huko ni kumpima mtu kwa kupendwa, si kwa hatia.

Mwaka huohuo, Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwatia hatiani watu 3 kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, huko Bukombe, Desemba 2008. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Ilifikiwa mbele ya jaji, kwa mashahidi waliosimama kizimbani na vielelezo vilivyoshikika, na washtakiwa walikuwa na mawakili wa kuwatetea.

Maandiko hayatuachi gizani katika jambo hili. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inaagiza kwamba mkono wa kwanza juu ya mhalifu uwe wa mashahidi wenyewe. Ni agizo la kutisha, na hatutamani kuona mawe yakirudi. Lakini tazameni linamfanya nini msemaji. Linamvuta mbele ya watu wote na kumwambia: kama una hakika, uonekane. Na Susana, katika kitabu cha Danieli, aliokolewa na nini? Wazee wawili wenye cheo walimshtaki, mkutano ukawaamini, na mwanamke alikuwa njiani kwenda kuuawa. Danieli aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alikowaona. Mmoja akataja mti huu, mwingine ule. Basi. Kama wazee wale wangeandika karatasi na kuitumbukiza sandukuni, Danieli angemwuliza nani?

Hata wapagani waliliona hili. Liwali Festo, katika Matendo ya Mitume sura ya 25, aliwaeleza wakubwa wenzake kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakutanishwa uso kwa uso na wanaomshtaki. Ndivyo Paulo alivyopata nafasi ya kujitetea. Miaka kama 50 baadaye, mnamo mwaka 112 hivi, Pliny, aliyekuwa liwali wa Bithinia, alipelekewa orodha isiyo na jina la mwandishi, imejaa majina ya Wakristo. Aliuliza kwa Kaisari Trajan afanye nini. Trajan hakuwa rafiki wa Kanisa. Aliagiza Mkristo aliyeshtakiwa na kuthibitishwa aadhibiwe. Lakini orodha zisizo na jina alikataa zisipokelewe kwa kosa lolote lile, akiona ni mfano mbaya usiostahili zama zake. Hivyo babu zetu katika imani walipata pa kupumulia kwa sababu mpagani alikataa kusoma karatasi ya namna ileile ambayo baadhi ya makatekista wetu huifungua na kuisoma mbele ya kamati. Tukisema inatuumiza, hatuongezi chumvi.

Na si lazima twende mpaka Bithinia. Njia yetu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe kwenda Ujiji, iliishi kwa habari, za kweli na za uongo. Desemba 1866 wapagazi walioitoroka safari ya Livingstone, wakiongozwa na Musa, walifika Unguja wakasema bwana wao ameuawa. Wengi waliamini. Lakini Musa alikuwa na jina na sura, alihojiwa, na maeneo aliyoyataja yalijulikana. Mwaka 1867 msafara wa E. D. Young ukapelekwa Ziwa Nyasa kuuliza hukohuko, na uongo ukafichuka. Livingstone alipokufa kweli, mwaka 1873, habari ilifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi wa Oktoba kwa barua iliyobebwa na Chuma. Barua ile ilikuwa na sahihi ya mwandishi wake, Jacob Wainwright. Nyuma yake walikuja Susi na wenzao wakiwa wamebeba maiti mabegani. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapahapa. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Hao ndio mashahidi tunaowaelewa. Wainwright mwenyewe alirudi pande hizi na kufia Urambo, mwaka 1892.

Hata sungusungu, walioanzia huku Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na ambao wana mengi ya kujibu kwa vikongwe waliowafukuza, walikuwa na mwano. Anayepiga mwano husikika ni nani na anatokea boma gani.

Tunajua jibu tutakalopewa, na ni jibu zito. Mnyonge je? Karani anayeona mifuko ya mbolea inatoka usiku kwa mlango wa nyuma, akisema atafukuzwa kazi. Mke anayepigwa, akisema atapigwa zaidi. Binti aliyeharibiwa na mtu mwenye cheo, tena pengine cheo cha kanisa. Mnataka hao wasimame mkutanoni wajitaje?

Hapana. Hatutaki hivyo, na anayetumia makala hii kuwanyamazisha hao hajatuelewa. Kufichwa jina mbele ya umati ni jambo moja, na kutokuwa na jina kabisa ni jambo lingine. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda mtoa taarifa, lakini mtoa taarifa huyo anakwenda kwa mtu, na mtu huyo anamjua. Kanisa limefanya hivyo muda mrefu kabla ya Bunge. Tangazo la ndoa linaposomwa, anayejua kizuizi anaombwa amweleze paroko. Hatakiwi apige kelele katikati ya misa, wala hatakiwi abandike karatasi kwenye mti wa mwembe. Anakwenda, anakaa kwenye kiti, anasema yeye ni nani na amejuaje. Padri anaweza kulifunga jina lake kifuani mpaka kaburini. Lakini ameweza kumwuliza, kumtazama machoni, na kumrudia wiki ijayo kama maelezo hayakukaa sawa.

Kwa hiyo karani yule ana pa kwenda, na binti yule lazima awe na pa kwenda. Kama hana, kama paroko ni rafiki wa mtuhumiwa na mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yake, basi hilo ndilo la kulipigia kelele: tuweke katika kila dekania watu wawili, mmoja wao mwanamke, wanaojulikana kwa usiri wao, wenye mamlaka ya kusikiliza na kufikisha jambo kwa askofu au polisi. Sanduku ni njia rahisi ya kukwepa kazi hiyo. Viongozi wanaolipenda hulipenda kwa sababu haliwaombi wamlinde mtu yeyote. Linawapa habari bila kuwapa wajibu.

Tunaloliomba kwa maparoko na wenyeviti wa jumuiya katika jimbo letu ni hili. Masanduku ya maoni yabaki kwa ajili ya maoni: saa za misa, choo kibovu, kwaya inayoimba kwa sauti ya juu mno. Karatasi yoyote inayomtaja mtu kwa ubaya na haina jina la mwandishi ichomwe na wawili mara tu inapotambuliwa, bila kupitishwa mkononi na bila kunukuliwa. Pasitolewe hata tangazo la kumwonya "mtu mmoja miongoni mwetu", kwani kijiji kizima hujua ni nani kabla ya jua kutua. Na kama karatasi hiyo imemtaja bibi mjane, paroko aende kwake siku hiyohiyo, mchana, watu wakimwona, akae kwenye kigoda chake na kunywa maji yake.