Hesabu ya Watu na Haki ya Mtaa

Kila hesabu ya watu inapokaribia katika Tanzania, watu hugawanyika namna mbili. Wa kwanza humpokea karani mlangoni na kumjibu. Wa pili hufunga mlango, au huufungua nusu na kujibu nusu. Maneno haya yanawahusu hao wa pili, kwa kuwa hoja zao hupewa heshima kubwa kuliko zinavyostahili, na hasara yake haiwapati wao peke yao.

Atakaye kujua thamani ya kuandikwa hana haja ya kwenda mbali. Na aende Kariakoo. Jina la mahali hapo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi walipiga kambi pale. Walibeba vyakula na risasi vichwani mwao, mvuani na maporini, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa silaha. Wangapi hasa? Hapana ajuaye. Majina ya wengi hayakuandikwa, au yaliandikwa ovyo. Na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia wazazi, wajane wala mayatima wao, kwa sababu daftari halikuweza kuonyesha fulani ni mwana wa nani na katoka kijiji gani. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 huwakumbuka wapagazi pia. Walakini sanamu haiwezi kulipa deni la mtu asiyejulikana. Ni ajabu basi kwamba katika mtaa wenye jina hilo hupatikana mtu anayejisifu kwamba amemkwepa karani.

Hoja yake ya kwanza ni kodi. Tuseme nyumba yake ni ya Kiswahili, yenye vyumba 6 na ukumbi kati, na usiku ule wamelala watu 16. Yeye husema 4, akidhani kwamba amewaficha 12 machoni pa serikali. Amekosea mara mbili. Karani wa sensa si mtoza kodi, na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza habari za mtu mmoja mmoja kutolewa nje. Kosa la pili ni kubwa zaidi: wale 12 hawakufichika machoni pa haja zao. Watakunywa maji yale yale, watatumia choo kile kile, wataugua na kwenda zahanati ile ile, na watoto wao wataketi katika madawati yale yale. Aliyesema 4 hakuinyima serikali kitu. Aliwanyima jirani zake.

Hoja ya pili ina akili zaidi. Husemwa kwamba Kariakoo ni ya watu wa mchana. Nyumba nyingi za chini zimebomolewa, maghorofa ya maduka yamesimama mahali pake, na umati unaosongamana sokoni hurudi jioni Mbagala, Gongo la Mboto na kwingineko. Hesabu huuliza mtu alilala wapi. Basi mchuuzi wa Kariakoo ana faida gani nayo? Faida yake iko pale alipolala. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo 8 katika nchi, na mawili kati yake, Kivule na Chamazi, yako Dar es Salaam, pembezoni ambako wengi wa watu hao wa mchana hulala. Idadi ya watu ilikuwa moja ya vigezo vya kugawa majimbo. Aliyekubali kuhesabiwa alisaidia kumpatia mtaa wake sauti. Aliyekataa alipewa sauti hiyo kwa jasho la wenzake.

Hoja ya tatu yataka adabu, kwa maana inagusa imani. Swali la dini liliulizwa kwa mara ya mwisho katika hesabu ya mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walitaka lirudishwe, na lilipokataliwa wakawaita wenzao wasusie. Kutaka swali liulizwe ni haki ya raia, na kulijibu dai hilo kwa hoja ni wajibu wa serikali. Lakini kususia ni dawa iliyomdhuru mgonjwa: anayelalamika kwamba kundi lake halionekani hawezi kulionyesha kwa kulitoa katika hesabu.

Pamoja na hayo, lawama haiko upande mmoja. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 kifungo hicho kililegezwa. Kulegezwa kwake kulikuwa kwema. Hesabu ni mali ya waliohesabiwa, na mwenye mali hakatazwi kuikagua. Serikali inayotaka mlango ufunguliwe nayo ifungue daftari: irudi mtaani na kusema, mlikuwa kadhaa, kwa hiyo mtapata hiki, na kile hamtakipata kwa sababu hii.

Mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Katika hesabu ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Mji unaokua hivyo hauwezi kutawaliwa kwa kukisia. Hesabu hurudi kila baada ya miaka 10. Mtoto aliyefichwa leo atamaliza shule ya msingi kabla kosa halijasahihishwa. Wapagazi wa Kariakoo hawakuulizwa kama wanapenda kuandikwa. Wanaokaa juu ya kambi yao wanaulizwa, tena mlangoni mwao. Wajibu.