Giaboksi Ikifa, Asiulizwe Dereva Peke Yake

Gari kubwa la kifahari likiharibika njiani, swali la kwanza katika ofisi nyingi si "Kimevunjika nini?" bali "Nani alikuwa akiliendesha?" Desturi hii imekwisha kuota mizizi, na wanaoumia nayo ni watu wa mshahara mdogo. Gari lililonunuliwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi lagoma kupanda kilima, giaboksi yapiga teke kila inapobadili gia, taa ya manjano yawaka mbele ya usukani. Na kabla fundi hajalala chini ya gari kutazama, dereva amekwisha kupewa barua ya kujieleza. Leo twapenda kuuliza neno ambalo barua ile hailiulizi: je, kama kosa lilitoka pamoja na gari huko kiwandani?

Magari tunayoyasema ni yale marefu, yenye viti vya ngozi na yanayovuta kwa magurudumu manne, ambayo wananchi wa Tanzania wameyabandika jina la mashangingi. Nani anastahili kuyapanda na nani hastahili, hayo ni mashauri ya siku nyingine. Neno letu la leo ni juu ya vyombo vinavyozaa nguvu na kuifikisha kwenye magurudumu: injini, giaboksi, kile kisanduku kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma ambacho mafundi hukiita transfa, propela shafti, difu na ekseli. Hapo ndipo penye gharama. Kiti kikichanika gari litakwenda, na kioo kikipasuka gari litakwenda; lakini transfa au giaboksi ikifa, mwenye gari amebaki na kibanda cha bati chenye redio nzuri.

Wako watakaosema kwamba kampuni zenye sifa duniani kote haziwezi kutoa chombo kibovu, na kwa hiyo lawama haiwezi kuwa ya mwingine ila ya aliyeshika usukani. Watu hao na watazame mambo yaliyotangazwa hadharani na kampuni zenyewe. Mwezi wa Mei 2024 kampuni ya Toyota iliyaita magari yapata 102,000 huko Marekani, ya miaka ya 2022 na 2023, na miongoni mwake ilikuwamo Lexus LX, gari ambalo matajiri wa mwambao huu wanalifahamu sana. Sababu yake? Masalia ya uchongaji wa chuma yalibaki ndani ya injini zilipokuwa zikiundwa. Masalia hayo yakikwama penye beringi kubwa za krenkshafti, injini hugonga, hutetemeka, huzima njiani na wakati mwingine haiwaki tena. Baadaye kampuni ikasema itabadili injini bila malipo. Mwezi wa Novemba 2025 yakaitwa mengine yapata 127,000 kwa sababu ya namna hiyo hiyo, Lexus LX na GX zikiwamo.

Wala si Wajapani peke yao. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya General Motors iliyaita magari yapata 721,000 duniani, karibu 600,000 kati ya hayo yakiwa Marekani, yenye injini ya silinda nane ya lita 6.2, ya miaka ya 2021 hadi 2024. Cadillac Escalade, gari la fahari kuu ya Marekani, lilikuwamo. Krenkshafti na koneroti zake zilikuwa na kasoro za kiwandani. Injini zilizoshindwa kupita uchunguzi zilistahili kubadilishwa, na zilizopita zikatiwa mafuta mazito zaidi, na muda wa dhamana ukaongezwa.

Basi tufikiri kidogo. Mtu aliyekuwa akiendesha moja ya magari hayo mwaka mmoja kabla ya tangazo, akasikia mgongo wa chuma kwa chuma chini ya boneti, akaenda kumwambia mkubwa wake, "Mzee, injini inagonga," angejibiwaje? Twaijua nchi yetu. Angeambiwa aendeshe tu, safari ni ya haraka. Na injini ingalivunjika hapo njiani, nani angaliamini kwamba vumbi la chuma lililomponza liliingia kabla yeye hajaliona gari lile kwa macho?

Kasoro nyingine haitoki kwenye chuma bali kwenye maneno. Kwa miaka mingi baadhi ya kampuni zinazouza magari ya kifahari zimewaambia wanunuzi kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha, hayabadilishwi. Neno tamu, maana linapunguza gharama ya sevisi katika karatasi za biashara. Lakini kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo ndiyo inayounda giaboksi nyingi zilizofungwa katika BMW na Range Rover, yenyewe hushauri mafuta hayo yabadilishwe baina ya kilometa 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka minane, hasa gari likifanya kazi ngumu. Aliyeunda chombo asema badili. Aliyekiuza asema usibadili. Twauliza: ni maisha ya nani hayo? Kwa hesabu ya kawaida ni maisha ya dhamana, si maisha ya gari. Dhamana ya miaka minne au kilometa 80,000 huisha kabla mafuta machafu hayajamaliza kazi yake, na siku giaboksi inapoanza kuteleza, mnunuzi yu peke yake. Katika joto la Dar es Salaam na foleni za Mombasa, ambako gari husimama na kuondoka mara mia katika safari moja, kuacha mafuta hayo kilometa laki mbili ni sawa na kuiandikia giaboksi hati ya kifo.

Hata hivyo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yako makosa ambayo si ya kiwanda. Gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote lataka matairi manne ya namna moja na ya ukubwa mmoja, yenye uchakavu unaokaribiana. Ukifunga mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma, magurudumu yatazunguka kwa hesabu mbalimbali, na klachi iliyo ndani ya transfa itakuwa ikisugua mchana kutwa hata iungue. Hapo wakala akikataa kulipa, hatuwezi kumlaumu. Lakini twauliza tena: aliyenunua matairi mawili badala ya manne alikuwa dereva, au ni ofisi ya ununuzi iliyotaka kubana matumizi? Kwa kawaida dereva hana hata saini katika karatasi ile.

Sasa tuseme juu ya dhamana yenyewe, ambayo wengine huiita waranti. Watu wengi huidhania kuwa ni bima, nayo si bima. Ni ahadi iliyo na masharti, na masharti yake yameandikwa kwa herufi ndogo. Kwa Lexus huko Marekani, vyombo vya nguvu hupewa miaka sita au maili 70,000, yaani kama kilometa 112,000, lolote litakalotangulia. Vitu vingine hupewa miaka minne au maili 50,000. Kinachoitwa uchakavu wa kawaida hakimo. Kilichoharibiwa na mwenye gari hakimo. Na katika maneno hayo mawili, uchakavu na uharibifu, ndimo wakala asiye mwaminifu anapopatia maji ya kunawia mikono kama Pilato. Gari linapelekwa mara ya kwanza, anasema hakuona kitu. Mara ya pili anafuta taa katika kompyuta na kulirudisha. Mara ya tatu dhamana imekwisha, na sasa ndipo kitu kinapoonekana!

Nchi nyingine zimekwisha kuuona ujanja huu zikautungia sheria. Marekani ilitunga sheria ya dhamana mwaka 1975, ambayo humkataza mwuzaji kufuta dhamana kwa sababu tu mnunuzi alifanya sevisi kwa fundi mwingine au alitumia spea ya jina jingine. Katika jimbo la California, gari jipya likirudishwa mara nne au zaidi kwa kosa lile lile, au likilala gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, katika miezi 18 au maili 18,000 za kwanza, sheria hudhani kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha akashindwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, kosa likionekana katika miezi sita ya kwanza huhesabiwa kuwa lilikuwapo siku ya kuuziwa, mpaka mwuzaji athibitishe vingine. Tazameni mzigo wa ushahidi umewekwa begani mwa nani: umewekwa kwa mwenye kiwanda na duka, mwenye mashine za kupimia na wataalamu. Kwetu mzigo huo hubebeshwa mtu mwenye funguo na leseni tu.

Tanzania nasi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani iliyopewa kazi ya kumlinda mlaji. Kenya wanayo sheria yao ya mwaka 2012. Kwa maoni yetu milango hiyo haibishwi vya kutosha. Mwenye gari la kifahari huona haya kushitaki. Ataka watu waamini kwamba gari lake ni zima. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Shida kubwa zaidi ni kwamba mengi ya magari haya hayafiki kwetu yakiwa mapya. Hushushwa bandarini yakiwa yametumika Japani au Uingereza, na dhamana ya kule mara nyingi haivuki bahari pamoja na gari. Mwuzaji husema "gari ni safi," nalo husafishwa kweli, mpaka chini ya injini, ili mafuta yanayovuja yasionekane. Mnunuzi wa namna hii hana ahadi ya mtu yeyote. Na afahamu hivyo kabla ya kulipa, na bei anayotoa iwe bei ya gari lisilo na mdhamini. Hata hivyo asidhani kwamba amenyimwa kila kitu: gari kuitwa kwa sababu ya usalama ni jambo tofauti na dhamana, na kumaliza muda wa dhamana hakuondoi kasoro iliyotangazwa. Kwa namba ya chesesi aweza kuuliza kwa wakala, au kutazama katika mtandao wa kampuni, kama gari lake limo katika orodha na kama lilikwisha kutengenezwa. Ni kazi ya dakika chache, nayo hufanywa na wachache mno.

Twarudi kwa dereva, maana ndiye aliyetufanya tuandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa sababu tu gari limeharibika. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ilivyofanywa. Apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mkubwa anayemwita dereva na kumwambia, "Utalipa giaboksi," bila ya karatasi yoyote, anavunja sheria hata kama gari ni lake.

Lakini sheria haimsaidii mtu aliyenyamaza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika mambo ya dhamana neno hili ni kweli kwa herufi zake. Dereva na awe na daftari dogo garini. Aandike tarehe, kilometa, na alichokisikia: mgongo, mtetemo, harufu ya kuungua, gia inayochelewa kuingia gari likiwa la moto. Aandike alimwambia nani na siku gani. Gari likipelekwa kwa wakala, asiondoke bila nakala ya kadi ya kazi yenye malalamiko yake kama alivyoyasema, si kama karani alivyoyafupisha. Na likirudishwa kwa maneno "hakuna kosa," maneno hayo nayo yaandikwe na kutiwa saini. Mafuta yaliyomwagwa na chembe za chuma zilizokutwa ndani ya sampo zipigwe picha kabla hazijafutwa kwa tambara.

Vyama vya wafanyakazi vyaweza kufanya zaidi. Popote penye magari ya ofisi, vidai kwamba lisiandikwe kosa la dereva kabla ya taarifa ya fundi asiye wa wakala wala wa mwajiri. Kwamba namba za chesesi za magari yote zitazamwe mara mbili kwa mwaka katika orodha za magari yaliyoitwa. Na kwamba mkataba wa kununua gari jipya utaje kwa Kiswahili muda wa dhamana ya injini, giaboksi, transfa na difu, na siku ngapi wakala ataruhusiwa kulilaza gari kabla ya kutoa jingine la kutumia. Nakala ya ukurasa huo apewe kila dereva siku ile ile anapokabidhiwa funguo.