DENI LA MITA NA DENI LA JINA

Kuhama nyumba ni jambo la kawaida katika maisha ya mfanyakazi wa mjini. Lakini wengi wetu twendapo kutazama nyumba hukagua kuta, choo na maji, tukaisahau mita iliyo ukutani. Kisha mtu hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku ya kwanza anunuapo umeme hukuta fedha yake imekwenda kulipa deni la mtu asiyemjua.

Yafaa sababu yake ieleweke. Katika mpango wa LUKU, deni huandikwa juu ya nambari ya mita. Ikiwa mpangaji wa jana alichezea mita akatozwa faini, mitambo ya TANESCO haina habari kwamba amekwisha hama. Anunuaye leo ndiye akatwaye.

Iko pia kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kwa njia hiyo hiyo. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa tupu miezi mitano bila umeme kununuliwa, shilingi 7,500 humngoja mgeni mlangoni. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wala si ya mpangaji. Serikali yenyewe, ilipoanza utaratibu huu, iliwaambia wapangaji wakubaliane na wenye nyumba jinsi ya kurudishiana. Lakini ni mikataba mingapi ya upangaji iliyo na hata mstari mmoja juu ya jambo hilo?

Dawa yake ni rahisi. Kabla hujatia sahihi, nunua umeme wa fedha kidogo kwa nambari ya mita ile, uitie tokeni mbele ya mwenye nyumba. Stakabadhi itaonyesha makato yote. Tena utajua kama mita yenyewe inafanya kazi, maana zile ambazo hazikuhuishwa kwa mabadiliko ya tarehe 24 Novemba 2024 hazipokei tokeni mpya mpaka zihuishwe.

Wanaochangia mita moja wana hesabu nyingine ya kufanya. Kwa bei za mwaka 2016, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi; zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Jamaa mbili zenye mita mbili, kila moja ikitumia uniti 60, zitalipa jumla ya shilingi 12,000, mbali na kodi na tozo. Zikichangia mita moja, uniti zile zile 120 zitagharimu shilingi 23,250. Ugomvi mwingi wa wapangaji, ambao husemwa kuwa ni wa pasi na jokofu, asili yake ni hesabu hii. Heri ifanywe siku ya kuingia kuliko siku ya kugombana.

Intaneti ina tabia nyingine. Ikiwa deni la umeme hufuata mita, deni la intaneti hufuata jina. Aliyetia sahihi ndiye adaiwaye, hata akiwa amehamia mkoa mwingine, na kifaa alichoazimwa na kampuni kitaulizwa kwake. Kwa hiyo anayehama aufunge mkataba wake kwa maandishi, arudishe kifaa, apewe stakabadhi. Naye anayeingia asikubali kuambiwa, “Endelea tu kutumia ya ndugu aliyetoka.” Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Matendo yanayofanywa kwa laini huulizwa kwa mwenye jina lake.

Wako wenye nyumba watakaosema kuwa kudai maandishi ni kukosa imani. Sisi hatukubaliani nao. Wao pia huachiwa mita zilizovunjwa lakiri na madeni ya watu waliohama usiku. Karatasi moja yenye nambari ya mita, uniti zilizobaki, deni lililokuwapo na tarehe, ikatiwa sahihi na pande zote mbili, humlinda mwenye nyumba kama imlindavyo mpangaji. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na anayedhulumiwa asinung'unike barazani tu. Apeleke malalamiko yake kwanza kwa aliyempa huduma, na asiposikilizwa aende EWURA kwa mambo ya umeme, au TCRA kwa mambo ya intaneti. Vyombo hivyo viliwekwa kwa sheria, lakini haviwezi kumsaidia mtu ambaye ushahidi wake ni maneno matupu. Mshahara wa mfanyakazi haukutoka bure. Haifai umalize madeni ya watu wengine.