Magazini si gazeti: Tunayokosea kuhusu bunduki na risasi

Leo tuanze kwa kujichongea wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mmoja wetu akiwa bado mgeni studioni alipewa taarifa ya polisi aisome kwenye habari za saa mbili usiku. Taarifa ilisema watuhumiwa wamekutwa na bunduki moja aina ya SMG, risasi 28 na magazini mbili. Kwa kuwa chuoni tulifundishwa tusichanganye lugha, mwenzetu akaona atafsiri. Akasoma kwa kujiamini kabisa: "Bunduki moja, risasi 28 na majarida mawili." Kabla habari hazijaisha, ujumbe wa kwanza ukaingia kwenye simu ya studio: "Hao majambazi walikuwa wanasoma nini?"

Tulicheka wiki nzima. Magazini ni kile kikasha kinachobeba risasi na kuchomekwa kwenye bunduki. Lakini tangu siku ile tumejifunza kwamba habari ya silaha ikisomwa redioni, wengi wetu, watangazaji na wasikilizaji, tunasikia maneno bila kujua yanamaanisha nini. Makosa mengine yanaishia kwenye kicheko. Mengine yanaishia wodini au mahakamani. Makala hii inajaribu kuyatenganisha.

Risasi ni kitu gani hasa?

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Polisi wamesema wameokota maganda matano ya risasi. Sasa risasi zenyewe kachukua nani?"

Tatizo linaanza kwenye neno. Risasi asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini ya risasi, yale mazito yanayoyeyuka upesi. Ndiyo maana tunasema pia kalamu ya risasi, ingawa ndani ya kalamu ile hakuna risasi hata kidogo. Siku hizi neno hilohilo linabeba kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki na pia kile kipande kinachoruka.

Risasi kamili ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, ganda la chuma, baruti iliyo ndani ya ganda, na kiwashio kidogo kilichoko kitakoni. Bunduki ikifyatuliwa, kiwashio kinagongwa, baruti inaungua, kichwa kinatoka na ganda linabaki. Kwa hiyo maganda matano yanaonyesha kwamba risasi tano zimeshapigwa. Vichwa vimekwenda vilikoelekezwa.

Kuna bibi mmoja aliwahi kutuuliza kwa upole kuhusu risasi za moto: "Mwanangu, hizo wanazipashia wapi?" Bibi, hazipashwi. Risasi ya moto ni risasi kamili, yenye kichwa cha kuua. Ya baridi ina baruti na mlio bila kichwa, na hutumika mazoezini au kwenye heshima za mazishi. Hata hiyo ya baridi si mchezo. Kwa karibu sana, moto na gesi inayotoka mdomoni mwa bunduki inaweza kujeruhi vibaya.

Halafu kuna fataki. Wenye magobore wanajua kwamba fataki ni kile kiwashio kidogo kinachopigwa ili baruti iwake. Lakini wasikilizaji wa redio tangu mwaka 2008 wanamkumbuka Fataki mwingine, yule mtu mzima wa kwenye matangazo aliyekuwa akiwarubuni wasichana wa shule. Polisi wakisema mtu amekamatwa na fataki nane, usishangae jirani akiuliza kama wote nane ni wa kijiji kimoja.

SMG, SAR na ile namba 47

Vijana wengi wanaamini kwamba 47 kwenye AK-47 ni idadi ya risasi. Namba hiyo ni ya mwaka, yaani 1947, na herufi K ni ya Mikhail Kalashnikov, Mrusi aliyeibuni. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30.

Bunduki tunayoisikia ikiitwa SMG kwenye taarifa za polisi mara nyingi ni ya ukoo huohuo wa Kalashnikov. Wachina walipotengeneza toleo lao waliliweka kwenye kundi la bunduki ndogo za rashasha, na jina hilo likaja nalo mpaka kwetu. Mwenzake, SAR, ni bunduki ndefu inayopiga risasi moja kwa kila kuvuta kifyatulio. Kwa hiyo ukisikia kituo kimoja kinasema SMG na kingine kinasema AK-47, huenda wanazungumzia silaha ileile.

Tuliyofundishwa na filamu

Vibanda vya video vimetufundisha mengi, na mengi si kweli.

Kwenye filamu mtu akipigwa risasi anarushwa nyuma mita tatu na kuvunja kioo. Fikiri kidogo: kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, na aliyeipiga naye angerushwa upande wake. Risasi hupenya, haisukumi kama ng'ombe. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa na akaendelea kukimbia hatua kadhaa bila kujua.

Kwenye filamu bastola yenye kiwambo cha sauti inalia kama mtu anayetema mate. Kiwambo cha kweli kinapunguza mlio, ila bado unasikika.

Kwenye filamu mtu anajificha nyuma ya mlango wa mbao, risasi zinaishia kwenye mlango. Risasi ya bunduki ya kivita inapita mlango wa mbao, inapita bati la gari, na ukuta mwembamba wa udongo si wa kuutegemea. Ukisikia milio, lala chini kabisa, mbali na mlango na dirisha. Usitoke na simu kwenda kurekodi.

Na wapo wanaofyatua hewani kwenye sherehe, wakiamini risasi inapotelea mawinguni. Iliyopanda lazima ishuke, na inashuka na kasi ya kutosha kumuua mtu aliyekaa uani kwake akichambua mboga.

"Haina risasi"

Hapa kicheko kinaanza kupungua. Sentensi hatari kuliko zote kuhusu bunduki ni hii ya maneno mawili: "Haina risasi."

Mgeni wa bunduki anafikiri kwamba magazini ikichomolewa bunduki imekuwa tupu. Si hivyo. Risasi moja inaweza kuwa imeshapanda kwenye chemba, na hiyo haitoki kwa kuchomoa magazini. Kwa gobore ni mbaya zaidi, kwa sababu halina magazini kabisa. Baruti na golori hushindiliwa kwa kupitia mdomoni na kukaa humo. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama limeshindiliwa jana au limekaa hivyo miaka kumi.

Kwa hiyo kanuni ya wanaojua silaha ni moja: kila bunduki ina risasi mpaka mtaalamu aikague, na hata baada ya hapo usimwelekezee mtu. Mtoto anayepiga picha na gobore la babu kwa ajili ya kuweka kwenye simu hajui kanuni hiyo. Sisi wakubwa ndio tunaopaswa kuijua.

Maji, mafuta na hirizi

Kosa kubwa kuliko yote kuhusu risasi limeandikwa kwenye historia yetu. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, na watu wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Mwishoni mwa mwezi huohuo maelfu waliishambulia ngome ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Septemba, Wabena walishambulia misheni ya Yakobi, jirani na Njombe, wakarudishwa nyuma kwa risasi. Vita ilipokwisha mwaka 1907, waliokufa, wengi wao kwa njaa, walikuwa wengi mno. Makadirio yanaanzia watu 75,000 na kufika karibu 300,000.

Tusiwacheke wazee wale. Maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na madai yao ya kuchoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa lazima yalikuwa ya haki. Lakini ni vizuri kujua kwamba majirani zao Wahehe, kwa sehemu kubwa, hawakuingia kwenye vita ile. Wao walikuwa wameshaijua bunduki. Agosti 17, 1891 pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilimshinda Zelewski na kuteka bunduki takriban 300 na mizinga mitatu. Hata hivyo, bunduki zile hazikuizuia Kalenga isianguke Oktoba 1894. Watu walioona yote hayo kwa macho yao hawakuwa rahisi kuaminishwa kwamba maji yanazuia risasi.

Imani hiyo haikuishia hapo. Uganda, mwaka 1987, wafuasi wa Alice Lakwena walijipaka mafuta ya kuzuia risasi, na wengi walikufa kabla hawajashindwa karibu na Jinja. Mashariki mwa Kongo, jina la Mai-Mai linatokana na maji ya dawa za aina hiyo. Na huku kwetu bado yupo mganga anayechukua kuku na fedha za kijana, akamchanja, akamwambia aende bila hofu. Mwambie kijana huyo amwombe mganga ajaribu yeye kwanza.

Gobore la babu

Sasa tufike nyumbani. Kwenye vijiji vyetu, hasa vile vya kando ya hifadhi ya Ruaha na vile vinavyosumbuliwa na ngedere na nguruwe pori mashambani, gobore si kitu kigeni. Na hapa kuna makosa mawili tunayasikia sana.

La kwanza: "Gobore si bunduki, ni kifaa cha shamba." Gobore ni bunduki. Linahitaji leseni kama bunduki nyingine, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakuhusu hata kama limetengenezwa na fundi wa kijijini.

La pili: "Nimerithi pamoja na leseni yake." Leseni ni ya mtu, haiendi na ukoo. Babu akifariki, bunduki inatakiwa kupelekwa polisi, na anayetaka kuimiliki anaomba upya. Maombi huanzia ofisi ya kijiji na kupanda kupitia kamati za usalama mpaka juu.

Serikali imekuwa ikitoa muda wa msamaha ili watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Mwaka 2022 zilitolewa Septemba na Oktoba, na mwaka 2023 vivyo hivyo. Ila wasikilizaji wanatuambia wazi kwamba wanaogopa. Wanaikumbuka Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyolenga majangili, ikasimamishwa baada ya malalamiko ya watu kupigwa na kunyanyaswa, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondoka. Hofu hiyo ina sababu, na viongozi wanaotaka magobore yatoke darini wanapaswa kuijibu kwa vitendo. Lakini gobore lililofichwa halilindi familia. Linamsubiri mtoto alione.

Chuma chakavu kisichouzwa

La mwisho halina kicheko hata kidogo. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka. Wanafunzi watano walikufa na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Iliripotiwa kwamba mwanafunzi mmoja aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza.

Ngara iko mbali na kwetu, lakini mnunuzi wa chuma chakavu anapita kila kijiji, na watoto wetu wanaokota chochote chenye uzito. Bomu au risasi iliyokaa ardhini miaka mingi haijafa kwa sababu ina kutu. Wakati mwingine kutu ndiyo inaiongezea hatari.

Ufanye nini?

Ukiona kitu unachokitilia shaka, shambani au porini, usikiguse, usikipige jiwe, usikitupe motoni wala mtoni. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, au piga simu polisi kwa namba 112.

Ukiwa na gobore au risasi zisizo na leseni nyumbani, usizibebe mwenyewe kwenye bodaboda. Mwone kwanza mtendaji wa kata au polisi kata, ikiwezekana ukiwa na mtu mzima wa kushuhudia, uelekezwe namna ya kuzikabidhi. Muda wa msamaha ukitangazwa, utumie siku za mwanzo.

Na ukitusikia tena tukisoma kwamba jambazi amekamatwa na majarida mawili, tutumie ujumbe. Tumezoea kusahihishwa.