Mshika Mbili Moja Humponyoka

Tangu mwaka 1992, shirika la FIRST la Marekani, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, huwakusanya wanafunzi kila mwaka kushindanisha roboti walizoziunda wenyewe. Wako wanaodhani kwamba mwenye mashine yenye mambo mengi ndiye mshindi. Sisi hatuafiki. Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu mchezo wa mwaka 2017, ulioitwa Steamworks, kwani mna ndani yake funzo kwa kila aishiye kwa kazi ya mikono yake.

Katika mchezo huo roboti tatu zilisimama pamoja kushindana na tatu nyingine kwa dakika 2 na nusu. Kazi zilikuwa tatu: kupeleka gia kwenye merikebu ya angani ili rafadha zake nne zizunguke, kurusha mipira ndani ya boila, na mwishoni kukwea kamba.

Sasa na tupige hesabu. Roboti iliyofika juu ya kamba ilipata alama 50. Lakini baada ya zile sekunde 15 za kwanza, ambapo roboti hujiendesha bila mkono wa mtu, ilihitajiwa mipira 3 katika mdomo wa juu wa boila, au 9 katika mdomo wa chini, kupata alama 1 tu. Basi kamba moja ni sawa na mipira 150 iliyoingia juu bila kukosa hata mmoja! Roboti yenyewe haikuruhusiwa kuzidi kilo 54 hivi, na siku za kuijenga zilikuwa majuma sita. Kila kifaa kilichoongezwa kilikula uzito, nafasi na siku. Mwenye kuanza na mtambo wa mipira na kuiacha kamba hadi siku ya mwisho, alitupa shilingi akaokota senti.

Gia nazo zilikuwa na sharti zito. Rafadha ya kwanza ilitaka gia 1, ya pili 2, ya tatu 4, na ya nne 6. Kila rafadha iliyoanza kuzunguka baada ya sekunde zile 15 ilileta alama 40. Lakini aliyepeleka gia tano kati ya zile sita za mwisho hakupata kitu. Na katika michezo ya mtoano, kuzitimiza rafadha zote nne kulileta alama 100 zaidi. Kwa hiyo gia ile ya mwisho, iliyoletwa pengine na roboti ndogo isiyojua kurusha hata mpira mmoja, ilikuwa na thamani ya alama 140. Atasema nani tena kwamba roboti hiyo ilibebwa na wenzake?

Hatusemi kwamba mipira ilikuwa bure. Walipokutana mabingwa, kila upande ukatimiza rafadha nne na roboti zote zikakwea, mipira ndiyo iliyoamua. Tena alama 40 za mipira ziliongeza 20 katika mtoano. Lakini huo ulikuwa ushindi wa waliokwisha kumaliza kazi za kwanza. Paa haliezekwi kabla ya kuta kusimama.

Kwa maoni yetu, timu changa na ichague kazi moja yenye malipo makubwa, iifanye vema kila mara, ndipo itazame ya pili. Na nahodha achaguaye wenzi wa kuingia nao mtoano asitazame fahari, bali atazame upungufu wa kundi lake. Warushaji watatu wasio na mpeleka gia ni kama jahazi lenye manahodha watatu lisilo na baharia.

Walimu na mafundi mnaowasaidia vijana hawa, twawaomba jambo moja. Msiwape chuma kabla hawajasoma kanuni na kuhesabu kila kazi italeta alama ngapi kwa muda gani. Wakikosea hesabu kwenye karatasi watafuta. Wakikosea kwenye chuma, majuma sita yamekwenda. Kalamu kwanza, msumeno baadaye.