Kumfundisha Mvuvi Kuvua

Kauli ya kwamba fukara asipewe samaki bali afundishwe kuvua imekwisha kupata hadhi ya hekima katika nchi yetu, kiasi cha kwamba haipiti warsha, hotuba wala mazungumzo ya barazani pasipo mtu kuitoa, naye huitoa kwa sauti ya kadhi aliyekwisha kuhukumu na asiyengoja rufaa. Yumkini ilipotungwa iliwahusu watu wasioijua bahari. Lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako mtoto wa Kojani huijua ngalawa kabla hajaijua skuli, na ambako wazee wa Nungwi na Tumbatu huutazama upepo wa alfajiri wakajua kama chombo kitarudi na kitoweo au kitarudi kitupu, kumwahidi maskini kwamba atafundishwa kuvua ni kebehi inayojiita nasaha. Mvuvi wetu hakukosa ilimu. Amekosa mashine ya chombo chake, amekosa barafu ya kuhifadhia samaki mpaka wafike sokoni, amekosa sauti katika bei, na umri ukimfika amekosa nguvu za mikono. Na katika hayo manne hamna hata moja litibiwalo kwa mafunzo.

Chini ya kauli hiyo imelala itikadi kongwe zaidi, nayo ni kwamba ufukara huzaliwa na uvivu, na kwamba fedha itiwayo mkononi mwa fukara humdekeza, ikamwondolea hima ya kazi na kumfanya tegemezi wa maisha. Naikataa itikadi hii, wala siikatai kwa huruma. Naikataa kwa kuwa ni ya uongo, na uongo wake u dhahiri kwa yeyote atakayetembea pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa bamvua. Kilimo cha mwani kilianza huko kibiashara mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Maji yakitoka, mwanamke wa Paje au Jambiani hushuka na kamba zake na vigingi vyake, akainama saa baada ya saa, miguu katika chumvi na jua utosini, akifunga mbegu moja moja. Na baada ya wiki kadhaa hurejea kuvuna, kubeba, kuanika na kugeuza hata mwani ukauke, ndipo aupeleke kwa mnunuzi ambaye bei ameshaipanga, kwa kufuata hesabu za viwanda vya ng'ambo ambavyo mkulima hajapata kuviona. Kisha bahari ikaanza kupata joto, na ile aina yenye bei nzuri, cottonii, ikawa yafa mikononi mwao, wakabakiwa na spinosum ambayo thamani yake ni duni. Ningependa kujua ni yupi katika wanaohubiri juu ya uvivu aliyewahi kuinama namna hiyo hata kwa bamvua moja.

Kadhalika mkulima wa karafuu wa Pemba, awe amerithi mikarafuu ya babu yake au amepata eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, hakugeuka mvivu usiku mmoja pale bei ya dunia ilipoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2014/15 uliwakuta Wazanzibari asilimia 30.4 chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na ule wa 2019/20 ukawakuta asilimia 25.7, na mara zote mbili Pemba ikawa na hali mbaya kuliko Unguja. Kama ufukara ni uvivu, basi watuambie kwamba uvivu ulipungua kwa karibu pointi tano za asilimia katika miaka mitano, na kwamba huzidi mtu akishavuka mkondo kwenda Pemba.

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii, ikawa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika mapato ya Serikali yenyewe, pasipo kuulizwa ana mali gani wala alipata kuajiriwa wapi. Na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi 50,000. Naona jambo hili ni katika mambo ya insafu kubwa kabisa yaliyofanywa visiwani katika zama zetu, na ndiyo maana nastaajabu kuwasikia watu wazima, wenye akili zao, wakinong'ona kwamba fedha hizo zitawalemaza wazee. Ni kazi gani hiyo ambayo bibi wa miaka 74, aliyelima mpunga na muhogo tangu ujana wake, anatazamiwa kuikimbia kwa ajili ya shilingi 50,000? Na ajabu iliyozidi ajabu ni kwamba msemaji wa maneno hayo aghalabu ni mstaafu, aliyepokea kiinua mgongo chake kwa mikono miwili na apokeaye pensheni yake kila mwezi, wala hajapata kulalamika kwamba yeye mwenyewe amelemaa.

Burhani ziko, kwa atakaye burhani. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ilipofanya majaribio ya kuzipa kaya maskini fedha taslimu huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kuanzia 2010, wachunguzi hawakukuta watu wamelala. Walikuta kaya zimeongeza mbuzi na kuku, zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, na watoto wamevaa viatu. Wala haya si mageni kwetu. Waislamu wa visiwa hivi wamekuwa wakitoa zaka karne na karne, na katika mafungu manane ya wanaostahiki mmetajwa mdaiwa na msafiri aliyekatikiwa njiani, nami sijamsikia imamu aliyetia sharti kwamba wahudhurie kwanza mafunzo ya ujasiriamali.

Wakishindwa hapo, wapinzani hurudi nyuma hatua moja na kusema: haya, wapewe, lakini wapewe maskini wa kweli tu, wachujwe. Neno hili lina sura ya uadilifu, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote katika nchi ndogo. Katika nchi kubwa mchujaji ni karani asiyekujua. Katika shehia, mchujaji ni sheha na kamati ya majirani, ambao wanajua uliozea wapi, uligombana na nani juu ya mpaka wa kiambo, na kwenye mkutano wa chama gani ulionekana. Hii ni nchi ambamo baada ya uchaguzi wa 1995 watu wa kijiji kimoja Pemba walisusiana harusi na maziko kwa sababu ya siasa, nasi tunataka fukara asimame mbele ya majirani hao hao athibitishe ufukara wake! Cheti cha kuzaliwa hakina chama. Miaka 70 ni miaka 70 kwa mtu wa Micheweni na kwa mtu wa Mkoani, na hapana hisani ya mtu katika kuitimiza.

Wengine watasema nchi ndogo haimudu. Kisiwa cha Morisi kiliondoa kipimo cha mali katika pensheni yake ya uzee mwaka 1958, kingali koloni, miaka 10 kabla ya uhuru wake, kikitegemea zao moja la muwa. Na mwaka 1961 mchumi James Meade aliutazama mustakabali wake akaandika kwa mashaka makubwa. Hata hivyo pensheni haikufutwa, na serikali moja ya huko ilipothubutu mwaka 2004 kurejesha mchujo, ilishindwa katika uchaguzi wa 2005 na mchujo ukafutwa. Sisemi kwamba pensheni humaliza kila aina ya kutengwa, maana ni kisiwa hicho hicho kilichowaka moto Februari 1999, baada ya mwimbaji Kaya kufa mikononi mwa polisi, na ghadhabu za Wakrioli walioachwa nyuma na neema ya viwanda na watalii zikajaa barabarani.

Kwetu pia wako walioachwa. Yuko ajuza ambaye hana cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na kwa kukosa karatasi huonekana hana umri. Yuko mwenye ulemavu wa miaka 30 afichwaye chumba cha ndani, ambaye pensheni ya uzee haimjui. Yuko mjane wa miaka 66 ambaye mgongo wake umekwisha kwenye mwani, naye huambiwa angoje miaka minne. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watakapokaa tena juu ya bajeti, naomba wauteremshe umri hadi 65, na wawatume makarani wa vitambulisho waende Kojani na Tumbatu badala ya kungoja wazee wapande mashua kuwafuata. Gharama yake itatajwa, na itajwe. Lakini itajwe pamoja na gharama ya safari na posho za warsha ambamo watu hufundishwa kuvua.