Kabati Jipya, Sura ya Zamani

Wengi wetu hapa Bagamoyo tunavutiwa na rangi iliyozeeka, kama ile ya milango ya Mji Mkongwe: imepauka kwa jua, na mahali pa kushika mbao zimejitokeza. Sura hiyo tunaweza kuipata kwenye kabati jipya bila gharama kubwa.

Tutahitaji msasa, brashi, kipande cha mshumaa, kitambaa na rangi mbili za maji.

Kwanza tulainishe mbao kwa msasa, tufute vumbi, tupake rangi ya chini, tuseme kahawia, na tuiache ikauke kabisa. Kisha tusugue mshumaa mahali panapochakaa kwa kawaida: kwenye pembe, miguuni na karibu na vishikio. Tusisugue kila mahali, kwani kitu cha kale hakichakai sawasawa. Juu yake tupake rangi ya pili, kama bluu hafifu. Ikikauka, tupitishe msasa laini. Penye nta rangi itabanduka na kahawia itachungulia. Tufute nta iliyobaki, tumalizie kwa vanishi isiyong'aa.

Lakini sisi wauguzi tuna neno. Wako wanaochukua kabati la bibi na kulikwangua mpaka rangi za zamani zionekane. Akina mama, tusifanye hivyo. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikolee na kukauka upesi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa sana. Mtoto anayetambaa hulamba vumbi lake vidoleni, na mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo, hupunguza damu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Basi kabati kuukuu linalobanduka rangi lisikae wanapocheza watoto. Vumbi lake tulipanguse kwa kitambaa chenye maji, tusilifagie. Mtoto aliyekula magamba ya rangi apelekwe hospitali bila kungoja dalili, kwa maana mara nyingi hazionekani mapema. Na dukani tuulize rangi isiyotiwa risasi.

Uzee wa kabati tuutengeneze wenyewe juu ya mbao mpya. Wa kabati la bibi tuuache ulipo.